Wosia, majina mawili kwenye taito, fomu ya SACCO, zawadi au trasti: ipi itawaepushia watoto wako saksesheni?

Baba alipofariki tulikuwa na mali tatu za kufuatilia na kila moja ikaenda na mwendo wake. Ploti ya mjini, ile yenye nyumba tunayokaa, iliisha kwa safari mbili za ofisi ya ardhi. Pesa za SACCO zilitoka kabla miezi miwili haijaisha, ila hazikuja kwetu, nitaeleza. Shamba la Nyandarua, ekari nne tu, huu ni mwaka wa tatu na bado tunaitwa kortini. Marehemu ni yule yule na cheti cha kifo ni kile kile, kilichotofautiana ni karatasi alizoacha.

Sasa nimekuwa yule mtu ambaye kila matanga anaulizwa maswali ya mirathi, kwa hivyo nimeamua kuandika mara moja nilinganishe njia ambazo watu hutaja, kwa sheria za hapa Kenya. Mimi si wakili, nimekaa tu kwenye mabenchi ya korti kuliko nilivyotaka.

Kwanza tujue tunakimbia nini: saksesheni, yaani kesi ya mirathi ya kuhamisha mali ya marehemu kupitia korti. Mtu akifa na mali iko kwa jina lake peke yake, hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuigusa, hata mke, hata kifungua mimba, mpaka korti itoe granti, yaani kibali cha kusimamia mali ya marehemu. Unaanza na cheti cha kifo, unaenda kwa chifu akuandikie barua inayotaja familia yote, wake na watoto wote, na hapa ndipo majina mapya huibuka ambayo hamkuwahi kuyasikia mezani. Kisha mnapeleka ombi kortini, linatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, mnangoja siku 30 kama kuna mtu wa kupinga, granti inatoka. Mkidhani mmemaliza, bado, kwa kawaida mnasubiri tena miezi 6 ndio muombe granti ithibitishwe pamoja na orodha ya nani anapata nini, na ni hiyo granti iliyothibitishwa ndiyo mnaenda nayo ofisi ya ardhi. Hiyo ni kama kila mtu amekubali na kutia sahihi. Mmoja akikataa, hesabu miaka. Na msijaribu kuuza ng'ombe au kukodisha shamba kimya kimya mkingoja, Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1 Julai 1981, inaita hiyo kosa la jinai, faini mpaka shilingi 10,000 au kifungo mpaka mwaka mmoja au vyote viwili.

Wosia ndio kila mtu hutaja kwanza, na ndio umeeleweka vibaya kuliko yote. Wosia HAUKWEPI korti. Nimesema kwa herufi kubwa kwa sababu mjomba wangu alilipa wakili, akaandika wosia mzuri kabisa, akaufungia kwenye sanduku la chuma akituambia "nimewamalizia kazi". Hakutumalizia. Mwenye wosia akifa, wale aliowataja wasimamie mali bado wanapeleka huo wosia kortini, bado unatangazwa, bado wanangoja. Kilichobadilika ni kwamba badala ya sheria kuamua nani anapata nini, yeye ndiye ameamua, na amechagua msimamizi.

Hiyo si faida ndogo lakini. Ukifa bila wosia na umeacha mke au mume na watoto, mwenzi anachukua vitu vya nyumbani viwe vyake kabisa, lakini hiyo mali nyingine anaitumia tu maisha yake yote, si yake ya kuuza anavyotaka, baadaye ndio watoto wagawane sawa, msichana na mvulana, aliyeolewa na asiyeolewa. Kama kuna wake wawili au zaidi, mali inagawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mke anahesabiwa kama mtu mmoja zaidi. Kwa hivyo mke wa kwanza mwenye watoto wawili aliyejenga na mzee toka wakiwa na baiskeli moja anahesabiwa vichwa vitatu, na mke wa pili mwenye watoto sita anahesabiwa saba. Kama hutaki hesabu hiyo, andika wosia.

Ukiuandika, mashahidi wawili wakuone ukitia sahihi, na wasiwe watu unaowaachia kitu. Shahidi akiwa pia ni mrithi, zawadi yake inaanguka isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili juu yake. Wosia wa mdomo unakubalika mbele ya mashahidi wawili lakini unadumu miezi 3 tu, ukiishi zaidi ya hapo yale maneno yako hayana kazi. Na hii wengi hawaijui: ukioa au ukiolewa baada ya kuandika wosia, ule wosia unakufa, labda kama uliandikwa ukitaja wazi huyo mtu unayetarajia kufunga naye ndoa. Pia huwezi kumwacha mke au mtoto mikono mitupu ukadhani imeisha, anaweza kwenda kortini kuomba fungu la kumtosha kabla granti haijathibitishwa.

Tuje kwa majina mawili kwenye taito, yaani hati ya kumiliki ardhi, njia iliyotuokoa sisi. Baba na mama walinunua ploti pamoja na wakaandikishwa kama wamiliki wa pamoja, ile aina ambayo mmoja akifa fungu lake linamwendea aliyebaki moja kwa moja. Mama alienda na cheti cha kifo na taito, akajaza fomu, jina la baba likafutwa. Hakuna chifu, hakuna korti, na sisi watoto hatukuulizwa kitu. Siku aliporudi na ile taito mpya aliiweka mezani kando ya chupa ya chai akasema "hii imeisha", na kusema kweli sikuamini mpaka nikaisoma mwenyewe.

Mtego uko hapa, na ni mkubwa. Toka Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, umiliki wa aina hiyo unaruhusiwa kati ya mume na mke tu, wengine wote mpaka korti iwape ruhusa. Mama mjane anayemwongeza kijana wake kwenye taito akidhani akifa itaenda kwa kijana yenyewe, amejidanganya, sheria itawasoma kama watu wawili ambao kila mmoja ana fungu lake, na fungu la mama litapitia saksesheni kama kawaida. Hata mume na mke lazima waangalie neno lililoandikwa kwenye taito, kwa sababu kuna aina mbili na majina mawili peke yake hayatoshi. Kama imeandikwa kila mmoja na sehemu yake, nusu kwa nusu, hiyo si ile ya kumwendea aliyebaki. Toa taito kabatini leo usome.

Ubaya mwingine, aliyebaki anamiliki yote. Mama akitaka kesho kumpa kasisi ile ploti, ni yake. Kwa familia yenye watoto wa mama mmoja haisumbui sana, lakini kama una watoto wa ndoa ya kwanza, fikiria mara mbili kabla hujaandika taito na mke wa pili kwa mtindo huo, maana ukitangulia wewe, watoto wako wa kwanza hawana lao pale. Na yote haya ni kuahirisha tu, mama akifa naye, hakuna tena wa kubaki, hapo korti inawangoja.

Akaunti ya benki ya watu wawili ina sheria yake tofauti, hapo unaweza kufungua na mtoto au ndugu, mkaweka maagizo kwamba yeyote anaweza kutoa pesa na anayebaki anaendelea. Ni nzuri kwa pesa za mazishi na hospitali. Lakini huyo mtu anaweza kuzitoa hata leo ukiwa hai na mzima, kwa hivyo usiweke humo za kujengea nyumba.

Njia rahisi kuliko zote, na ya bure, ni fomu. SACCO, pensheni, bima ya maisha, zote zina karatasi unayoandika nani alipwe ukifa. Korti zetu zimesema mara nyingi kwamba pesa zilizoandikiwa mtu kwenye fomu hizo si sehemu ya mali ya marehemu ya kugawanywa, zinaenda kwa aliyeandikwa. Pensheni ya kazini sheria yenyewe ya mafao ya kustaafu inasema haiingii kwenye mirathi, wadhamini wa mfuko wanalipa kwa kanuni zao, wakiangalia fomu yako, na kwa mifuko mingi wakiangalia pia nani alikuwa anakutegemea.

Sasa ile ya baba. Aliajiriwa akiwa kijana hajaoa, akajaza fomu ya SACCO akamwandika dada yake, shangazi yetu, asilimia mia. Kisha akaoa, akazaa watoto wanne, akasomesha, akastaafu, na ile fomu ikakaa faili miaka yote hiyo na hakuna aliyeikumbuka, yeye mwenyewe pia sidhani. Tulienda na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa, karani akafungua faili akatugeuzia karatasi, mwandiko wa baba wa ujanani, wino wa bluu umefifia, jina la shangazi. Shangazi akalipwa. Baada ya wiki chache alikuja na bahasha ya kaki akampa mama, ilikuwa kama nusu, tukamshukuru na hatujawahi kuongea hiyo habari tena.

Kwa hivyo fomu ndiyo haraka kuliko zote na ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu haijali umeoa, umeachana, au umezaa. Kama uliyemwandika alishakufa kabla yako pesa zinarudi kwenye mali ya kupitia kortini. Ukimwandika mtoto mdogo, pesa haziwekwi mkononi mwa mtoto wa miaka saba, lazima kuwe na mtu mzima wa kumshikia, na bora umchague wewe kuliko watu waje kugombana nani ni mlezi. Halafu usichanganye na lile jina la jamaa wa karibu unaloandika ukifungua akaunti ya benki. Huyo ni wa kupigiwa simu. Hana haki hata ya kuambiwa salio.

Zawadi ukiwa hai ndiyo wazee wetu wanaipenda, yaani kila mtoto aonyeshwe pake. Kwa shamba la Nyandarua ndivyo ilivyokuwa, guka, yaani babu yetu, alitembea na wanawe akawaonyesha mipaka, huyu kutoka kwa ua wa kayaba mpaka mtoni, yule kutoka hapo mpaka barabarani, kila mtu akajenga na kulima miaka thelathini. Taito ikabaki kwa jina la guka. Kwa hivyo sisi leo kupata ekari nne za baba, lazima kwanza saksesheni ya guka iishe, na guka ana watoto tisa, watatu wamekufa na wajukuu wamesimama mahali pao, kisha ndio ya baba ianze. Kuonyeshwa mpaka si kupewa. Kama zawadi ni ya ardhi lazima iende mpaka mwisho: sorveya agawe, bodi ya ardhi itoe ruhusa kama ni shamba la kilimo, uhamisho usajiliwe, taito mpya itoke kwa jina la mtoto. Mzee akifa katikati, faili imefika bodi tu, mko kwenye hali ya kwenda korti tena.

Ikikamilika, hakuna njia safi kuliko hii. Kile ambacho si chako siku unakufa hakina saksesheni. Bei yake ni kodi na ujasiri. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na 2 kwa ya mashambani, na kodi ya faida ya mtaji ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, kwa hivyo kumhamishia mtoto ploti iliyopanda thamani si bure, uliza mhasibu ni misamaha gani inakugusa, mume na mke wana nafuu hapo. Ujasiri ni kwamba ukishatoa umetoa. Mtoto anaweza kuikopea benki, madeni yake yanaweza kuila, na akitangulia yeye kabla yako, ni wewe mzee na fimbo yako unayekimbizana na saksesheni ya mtoto kurudisha ulichotoa. Nimeona mama mmoja akiomba ruhusa kwa mkwe kuchuma parachichi alizopanda mwenyewe.

Na ukitoa kwa mtoto mmoja, weka maandishi kama ni fungu lake la mwisho au ni nyongeza, kwa sababu ukifa bila wosia alichopewa zamani kinahesabiwa kwenye kugawa kilichobaki.

Ndugu zetu Waislamu mambo yao yanafuata sheria ya Kiislamu na Kadhi, kwa hivyo ulinganisho unageuka kidogo. Wasia hauzidi theluthi moja na haumwendei mrithi ila wenzake wakiridhia, kwa hivyo anayetaka kumpa binti yake nyumba fulani njia yake ni hiba, yaani zawadi, akiwa mzima: atamke, binti akubali, na akabidhiwe kweli, si hiba ya mdomo huku baba bado anapokea kodi ya wapangaji. Hiba ya mgonjwa aliye kitandani anasubiri mauti huhesabiwa kama wasia, theluthi ile ile. Kuna wakfu pia, Pwani si jambo geni, lakini ukiweka wakfu hakuna kurudi nyuma.

Trasti ya familia nimeiacha nyuma kwa sababu ndiyo watu wanaipenda siku hizi, hasa toka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 ikaitambua wazi. Kwa maneno ya kawaida, unahamisha mali yako kwa wadhamini, wao wanaishika kwa jina la trasti kwa faida ya watu uliowataja na kwa masharti uliyoandika, mfano mtoto asipewe shamba mpaka afike miaka 25 au nyumba isiuzwe mama akiwa hai. Wewe ukifa trasti haifi, kwa hivyo hakuna cha kupeleka kortini. Kwa mwenye mtoto mlemavu anayehitaji kutunzwa maisha yote, au nyumba za kupangisha ambazo hataki zikatwe vipande, sijaona kitu cha kuishinda. Lakini kuna aina inayoandikwa ndani ya wosia na kuanza ukishakufa, hiyo inapita kortini kwa sababu wosia unapita kortini, wakili akikwambia trasti muulize ni ipi.

Kosa ninaloliona ni kuunda trasti na kutohamisha mali. Mtu amelipa, ana hati nzuri yenye muhuri, taito zote bado zina jina lake. Hiyo ni kabati tupu. Kuna gharama za kuunda, za kuhamisha kila taito, na wadhamini lazima waweke hesabu, na habari ya msamaha wa kodi usichukue maneno ya mtu aliyeunda yake 2021, mambo ya kodi hubadilika na kila sheria ya fedha. Wala trasti haizuii ugomvi: Njenga Karume, yule mfanyabiashara na mwanasiasa aliyefariki Februari 2012, alikuwa amepanga mali yake kwa trasti na bado baadhi ya watoto wakaenda kortini na wadhamini. Hata hivyo ukilinganisha na mali ya Mbiyu Koinange, waziri wa zamani aliyefariki 1981 na kesi yake ikaburutwa zaidi ya miaka 30, mimi ningechukua ugomvi wa trasti.

Kampuni ya familia nitaitaja haraka tu. Kampuni haifi, kweli, lakini hisa zako ndani yake ni mali yako na zinapitia saksesheni kama ng'ombe. Peke yake haikusaidii kwa jambo hili. Na binamu yangu aliyeko Texas anatuambia kila siku kwamba kwao unaandikisha hati ya nyumba imwendee fulani siku ukifa na imeisha. Ni kweli, kwao. Hapa kwa ardhi hatuna hati kama hiyo, usikubali mtu akuuzie.

Basi nikiulizwa na mtu, huwa namuuliza yeye kwanza ana nini. Kijana mwenye kazi, hana ardhi, ana SACCO na pensheni: fomu, leo, bila wakili. Wana ndoa wenye nyumba moja na watoto wao wote ni wa pamoja: taito ya majina mawili ile aina sahihi, fomu zikaguliwe, na wosia mfupi wa kuokota kilichobaki kama gari na hisa. Mwenye nyumba mbili za wake, au watoto wa nje ambao familia haiwajui, asidanganywe na njia za mkato, huyo anahitaji wosia ulioandikwa na wakili na awataje wote kwa majina, au agawe akiwa hai mbele yao, au trasti kama mali inatosha kulipia hiyo kazi. Mzee mwenye shamba ambalo wanawe tayari wamejengana humo, agawe na taito zitoke, abakishe kipande chake na boma lake kwa jina lake mpaka mwisho, hata kama hicho kipande kitaenda korti.

Na mwenye shamba lililo bado kwa jina la babu asianze na lolote kati ya hayo, aanze na babu. Huwezi kuandika wosia wala kuweka kwenye trasti kitu ambacho kwa karatasi si chako.

Mama alibadilisha fomu yake ya SACCO mwezi uliopita. Alitaka kutuandika sisi wanne robo robo, karani akamuuliza kama ana uhakika, akasema ndio, kisha akaomba fotokopi na ipigwe muhuri wa tarehe, akaikunja akaiweka ndani ya Biblia mahali ambapo kila mtu nyumbani anajua. Ya guka inatajwa tena kortini mwezi ujao, amu wa pili, ndugu ya baba, bado hajatia sahihi.